Taroti: karata za kutafakari, si za kupiga ramli

Mcheza karata yeyote wa Mwanga au Ujiji, huku Kigoma, anazijua kopa, shupaza, uru na pau. Majina hayo tuliyachukua kwa Wareno, na kwao yana maana: kopa ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu, pau ni magongo. Sasa fungua pakiti ya taroti uone familia zake nne: vikombe, panga, sarafu, fimbo. Anayekwambia hayo ni mambo ya majini, mkumbushe kwamba kijiweni anayataja kila jioni.

Taroti ina karata 78. Kati yake 56 ni za familia hizo nne, na 22 ni karata kuu zenye picha kama Mpumbavu, Mnara na Kifo. (Kifo husomwa kama jambo kufika mwisho wake, si msiba, ingawa ikitoka watu hushtuka tu.) Zilianzia kaskazini mwa Italia karne ya 15, zikiwa mchezo, mambo ya kubashiri yakaja kushamiri Ufaransa karne ya 18. Picha zinazojulikana zaidi leo alizichora Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909. Karata za orakali, ndugu wa taroti zenye picha na maneno, zenyewe hazina kanuni, kila mtunzi na idadi yake na maneno yake. Nyingine zinasomeka kama khanga, na khanga nyingi zina makali zaidi.

Kutafakari kwa karata ni hivi: una uamuzi unaokusumbua, unachomoa karata moja, unasema unachokiona kwenye picha. Haitabiri chochote. Ramli chonganishi hukutajia jirani aliyekuroga. Hapa hakuna wa kutajwa ila wewe. Ndiyo maana swali la “nitapata?” halifai. Uliza “ninakwepa nini?”

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa uvuvi kwa miezi 3, mjomba wangu wa Kibirizi alitaka kuuza mashine ya boti anunue pikipiki. Alikuwa amepata mteja, lakini usingizi hapati. Akanikuta na karata zangu.

“Haya mpwa, niambie. Niuze nisiuze?”

“Mjomba, mimi sijui. Chomoa moja.”

Ikatoka Mbili ya Panga: mwanamke amekaa, kafungwa kitambaa machoni, ameshika panga mbili zilizopishana kifuani. Nyuma yake maji, miamba na mwezi mchanga. Mjomba aliitazama kama anayekagua nyavu.

“Huyu kaupa ziwa mgongo,” akasema. Akanyamaza. “Na hicho kitambaa hawezi kukivua, mikono imejaa. Kwanza aweke upanga mmoja chini.”

“Upi?”

Hakujibu upesi. Kumbe mashine ile si yake peke yake. Mshirika wake alichangia, na mjomba alikuwa hajamgusia habari za mteja. Usingizi ulikuwa unakimbia kwa hilo, wala si kwa bei. Mwanamke wa kwenye karata hakulijua. Yeye alilijua tangu siku ya kwanza.

Nikamuuliza kama achomoe nyingine. Akasema hapana, akavaa kandambili zake na kushuka kwa mshirika kabla giza halijaingia.