Kaburi la Luteni Dartnell pale Voi: yasemwayo na yalivyo

"Kaburi liko Maktau, alikofia."
Luteni Dartnell, mpiganaji wa Vita Kuu ya Kwanza, aliuawa karibu na Maktau, Kenya, tarehe 3 Septemba 1915, lakini amezikwa Voi, kwenye makaburi ya vita. Anayemtafuta Taveta, kwa kuwa huko nako kuna makaburi ya kijeshi, atarudi mikono mitupu. Kwenye orodha ya waliozikwa anza na jina la ukoo, Dartnell: kumbukumbu nyingine humwita Wilbur Taylor, nyingine William Thomas.

"Alipewa Victoria Cross kwa kuua maadui wengi."
La. Nishani hiyo, VC kwa kifupi, ni ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Alikuwa amejeruhiwa mguu na anabebwa kuondolewa, akasisitiza aachwe pale na majeruhi wasioweza kuhamishwa, akitumaini kuwaokoa. Hakuiona nishani.

"Mwaustralia huyo, basi alikuja na jeshi la kwao."
Alizaliwa Melbourne, ila alikuwa afisa wa Uingereza, batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers. Mwili haukurudishwa Melbourne kwa sababu Waingereza walipiga marufuku kusafirisha maiti za wanajeshi. Nishani nayo haimo kaburini. Iko Canberra, kwenye makumbusho ya vita.

"Shujaa hujengewa kaburi kubwa."
Hapa ndipo wengi hupotea. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inashika kanuni moja: cheo hakiongezi jiwe. Jiwe la kusimama la kawaida lina kimo cha sentimita 81 na upana wa 38, liwe la jenerali au la kuruta. Mwenye VC hutofautishwa kwa mchoro tu: pale ambapo wengine wana msalaba wa dini, yeye huchongewa umbo la nishani yake, na herufi VC hufuata jina. Maneno ya chini yalichaguliwa na familia, yasizidi herufi 66, nafasi zikiwemo.

"Maandishi yakififia, yasugue kwa jiki."
Usithubutu. Jiki huacha chumvi kwenye vinyweleo vya jiwe. Ikikauka hufanya fuwele, fuwele hutanuka, na uso wa jiwe hubanduka pamoja na herufi. Brashi ya waya hukwangua. Chaki na unga hunasa ndani ya michoro. Ukitaka picha, nenda asubuhi au jioni jua likiwa ubavuni mwa jiwe, au elekeza mwanga kwa kioo kutoka pembeni. Herufi zitajitokeza zenyewe. Usafi waachie watunzaji.

"Kila shujaa ana kaburi."
Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, alipata VC kwa kuparamia vifaru vya Waitaliano huko Colito, Ethiopia, 19 Mei 1941. Mwili wake haukupatikana. Jina liko kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi.

Yeye angalau ana jina. Mwaka 2021 Tume ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya Askari ya Nairobi inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, tena inaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Pale kwenye sanamu hakuna jina hata moja lililochongwa.