Bei kuwa juu ya wastani wa siku 200 hakutoshi kuitwa kupanda

Wiki hii nimeletewa tena orodha ya hisa zinazodaiwa kuwa katika mwelekeo wa kupanda wa muda mrefu, na kwa mara nyingine kigezo kilichotumika ni kimoja tu: bei ya leo iko juu ya wastani wa siku 200, yaani wastani wa bei za kufunga za siku 200 za biashara zilizopita. Nimekwisha kulijibu dai hili kwa ufupi mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu wapo watu wanaoweka akiba zao kwa kuziamini orodha za namna hiyo.

Kwanza tuutazame wastani wenyewe, ambao wengi huuchora kila siku bila kujiuliza unasogezwa na nini. Kila siku ya biashara bei moja mpya huingia katika hesabu na moja ya zamani hutoka, huku zile 199 za katikati zikibaki vilevile. Kwa hiyo wastani hupanda leo iwapo tu bei iliyoingia inaizidi iliyotoka, na yaliyopita kati ya siku hizo mbili hayahusiki kabisa. Hisa iliyokuwa 100 siku 200 zilizopita, ikafika 150, kisha ikaporomoka hadi 120 ndani ya mwezi mmoja, bado wastani wake leo utapanda kwa 0.10. Anayeleta mwinamo wa wastani, yaani kupanda au kushuka kwa mstari wake, kama ushahidi wa pili ajue kwamba amelinganisha bei mbili tu.

Kinachoniudhi zaidi ni hisa iliyoruka. Tuseme imekaa kwenye 40 kwa muda mrefu, kisha kampuni nyingine inatangaza nia ya kuinunua kwa 60. Asubuhi moja inaruka hadi 59 na kutulia hapo, kwa kuwa hakuna mwenye sababu ya kulipa zaidi ya 60. Kwa miezi kadhaa inayofuata bei itakuwa juu ya wastani, wastani utakuwa unapanda, faida ya miezi 12 itakuwa karibu asilimia 48, na kilele cha wiki 52, yaani bei ya juu kabisa ya mwaka, kitakuwa karibu kabisa. Hisa hii inafaulu kila mtihani wa kawaida, ilhali ilipanda siku moja tu.

Mimi huchukua logi (logarithimu) za bei za kufunga za mwaka mzima, takriban siku 250, na kupitisha mstari mnyoofu katikati yake. Logi ni ya lazima kwa kuwa hupima mabadiliko kwa uwiano: kutoka 10 hadi 20 ni kuongezeka maradufu, ilhali kutoka 100 hadi 110, ingawa ni nyongeza ileile ya 10, ni asilimia 10 tu. Kisha natazama mwinamo wa mstari pamoja na jinsi bei zilivyoshikamana nao, yaani kile ambacho watakwimu hukiita R-mraba, kinachoanzia 0 (hazikushikamana nao) hadi 1 (zimelala juu yake kabisa). Hata hapo mtego upo: bei iliyotulia nusu mwaka, ikaruka mara moja na kutulia tena nusu mwaka, hupata 0.75, alama ambayo wengi wangeipokea kwa furaha. Ndiyo maana naugawa mwaka katika robo nne na kudai kila robo iwe imeleta faida yake. Hisa iliyoruka huanguka hapo.

Kuhusu takwimu nitasema machache. Bei zirekebishwe kwa migawanyo ya hisa na magawio (faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa); Apple ilipogawa kila hisa yake kuwa 4 mwezi Agosti 2020, bei ghafi ilionekana kama imepoteza robo tatu ya thamani. Na anayejaribu kigezo chake kwa miaka iliyopita ajumuishe pia kampuni zilizokufa, la sivyo atakuwa anapima zilizonusurika tu.

Nina mashaka yangu, na sioni sababu ya kuyaficha. Namba 200 haina msingi wa nadharia ninaoweza kuutetea. Nikiweka 180 au 220 na orodha ikageuka, naiacha orodha hiyo. Neno "muda mrefu" nalo linanisumbua. Watafiti wa masoko ya fedha Jegadeesh na Titman, mwaka 1993, walionyesha kwamba hisa zilizoongoza kwa miezi 3 hadi 12 ziliendelea kuongoza kwa muda kama huo. Lakini watafiti wengine, De Bondt na Thaler, walikuwa wameonyesha mwaka 1985 kwamba kwa kipindi cha miaka 3 hadi 5 zilizoshindwa ndizo zilizokuja juu. Hivyo sidai kwamba mwelekeo wenye umri mkubwa zaidi ndio bora zaidi. Tena kuanzia Machi 2009, soko la Marekani lilipogeuka, hisa zilizokuwa zimeporomoka vibaya ziliruka na kuziacha mbali zile ambazo mchujo kama wangu ungezichagua. Sijapata kigezo ambacho kingenionya mapema safari ile bila kunitoa sokoni mara nyingine nyingi pasipo sababu.