Frank Lloyd Wright na sakafu iliyoinama

Frank Lloyd Wright (1867–1959), msanifu majengo wa Marekani, mzaliwa wa Wisconsin, hakumaliza chuo kikuu. Usanifu aliupata kazini Chicago, kwenye ofisi ya Adler na Sullivan, hadi 1893 walipoachana kwa sababu alikuwa akichora nyumba za wateja wake pembeni. Kazi yake inayotajwa zaidi, nyumba ya Fallingwater ya Pennsylvania, aliichora 1935 akiwa na miaka 68, wakati wengi walishamhesabu mstaafu.

Nyumba hiyo imekaa juu ya maporomoko ya maji. Sakafu ya sebule inatokeza mbele takriban mita 4.5 bila nguzo upande wa nje. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini.

Mtoto akikalia tawi la mwembe, juu ya tawi panavutika, chini panabanwa. Zege huvumilia kubanwa, lakini likivutwa hupasuka haraka. Kwa hiyo sakafu inayoning'inia namna hii huwekwa nondo kuu upande wa juu. Fundi aliyezoea slabu ya kawaida, yenye nondo kuu chini, hukosea hapa kirahisi. Hata zikifungwa juu, vibarua wakizikanyaga wakati wa kumwaga zege hushuka, na nguvu yake hupungua.

Michoro ya Wright ilitaka nondo 8 kwa kila boriti kuu. Wahandisi walioajiriwa na mwenye nyumba, Edgar Kaufmann, waliongeza 8 nyingine. Wright alikasirika, lakini hesabu zilizofanywa miongo kadhaa baadaye ziliwapa haki wahandisi. Hata 16 hazikutosha: uzito wa baraza la juu ulikuwa ukishukia sebuleni kupitia vyuma vya fremu za madirisha. Tena mbao za kumwagia zege hazikuinuliwa kidogo nchani kufidia mshuko, basi zilipoondolewa tu sakafu ikashuka sentimita kama 4. Ikaendelea polepole, kwani zege lililobebeshwa mzigo huendelea kupinda kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, hadi kufikia karibu sentimita 18.

Mwaka 1997 iliwekewa mihimili ya muda ya chuma. 2002 wahandisi waling'oa mawe ya sakafu, wakapitisha nyaya za chuma kando ya boriti na kuzikaza kwa jeki, kisha mawe yakarudishwa. Hawakujaribu kuinyoosha, maana kuirudisha kwa nguvu kungepasua kuta na vioo. Mteremko bado upo.