Dizaini si rangi ya kitufe

Juzi, hapa Goma, kijana mmoja kanionyesha kwenye simu programu ya kutuma pesa anayoitengeneza. "Dizaini imeisha, mkubwa wangu." Nikaona buluu nzuri na vitufe vya mviringo. Nikamwuliza, mtu akikosea namba ya anayemtumia, anarudije nyuma? Akajibu hiyo ni kazi ya watu wa informatiki.

Hiyo ndiyo dizaini yenyewe. Fani yake inaitwa usanifu wa mwingiliano (interaction design): ni kupanga jinsi mtu anavyojibizana na mashine, aone nini kwanza, afanye nini, ajibiwe nini, na akikosea atokeje.

Kosa hili la kudhani dizaini ni sura tu, kwa maoni yangu, limetujia kwa mlango wa Kifaransa. Kilatini kilikuwa na designare, kutia alama. Neno likapita Italia, likawa disegno: mchoro, pamoja na wazo lililouzaa. Wafaransa wakaligawa. Dessin ni mchoro, dessein ni kusudi. Ukiyatamka ni sauti moja, ukiyaandika yanatengwa na herufi moja tu. Waingereza hawakugawa, design yao ikabeba yote mawili. Iliporudi Ufaransa katika karne ya 20 ilikuja na harufu ya duka la samani: kiti cha design, taa ya design. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tukaipokea hivyo, mchoro bila kusudi.

Bill Moggridge, Mwingereza aliyesanifu umbo la kompyuta mpakato (laptop) GRiD Compass iliyotoka 1982, aliona tofauti hii kwa macho yake. Alijivunia bawaba na kasha. Alipoanza kuitumia, akazama kwenye programu, kasha akalisahau. Katikati ya miaka ya 1980 yeye na mwenzake Bill Verplank wakaipa kazi ya kupanga mwingiliano huo jina la usanifu wa mwingiliano. ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta, kina jarida la taaluma hii tangu 1994, na jina lake ni Interactions, kwa wingi.

Kiswahili chetu kinalisema vizuri kuliko wote. Ingia, ingilia, ingiliana. Ile -ana ya mwisho inadai wawili: huwezi kuingiliana peke yako. Ukurasa uliopakwa rangi, ambao bado haujaguswa na mtu, una upande mmoja tu.

Pale Birere, mtaa wa hapa Goma, yupo mama muuza ndizi mwenye simu ndogo ya vitufe. Menyu yake ya pesa haina rangi yoyote, maandishi matupu, tena ya Kifaransa. Anafuata mistari kwa kidole. Kabla hajafika chaguo la nne, menyu inajifunga: muda umekwisha. Anaanza upya. Mara ya tatu anamkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri, watu wamepanga foleni nyuma yake wanasikia. Aliyeamua menyu isubiri sekunde ngapi ndiye aliyeisanifu, hata kama hakushika kalamu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kurasa zako za buluu ziite sura. Ni nzuri, sikuziponda. Usanifu bado. Mpelekee mama yule simu, kaa pembeni, usimfundishe, uone anakwama wapi.