Kufika ofisini nadhifu kwa baiskeli: dhana potofu kuhusu nguo na viatu, na ukweli wake

Kutoka Ntinda hadi katikati ya Kampala ni kilomita sita au saba, safari ambayo baiskeli huimaliza kwa nusu saa hivi hata barabara ikiwa imefungana. Wengi wangependa kuisafiri hivyo, ila wanaogopea nguo: jasho, vumbi jekundu, mafuta ya cheni, viatu kukwaruzika. Mwisho wanapanda teksi au bodaboda. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa zinazopendekezwa mara nyingi hazigusi ugonjwa. Nguo za baiskeli huharibika kwa sababu zinazojulikana, na nyingi ya hizo huondolewa na fundi cherehani wa mtaani na vipuri vya bei ndogo.

Dhana: Ni lazima uvae nguo za michezo, ubadilishe ukifika

Kwa safari ndefu, sawa. Kwa kilomita saba za mwendo wa kutulia, hakuna haja. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi mapema hewa bado ni ya baridi kidogo. Kinachomlowesha mtu ni haraka na vilima. Anayepanda Kololo au Nakasero akiwa amesimama juu ya pedali atafika shati limemganda. Anayeshuka na kusukuma baiskeli kwa dakika tatu kwenye mwinuko mkali atafika mkavu.

Kosa kubwa hufanyika mwishoni. Ukiwa unaendesha, upepo hukausha jasho linapotoka. Ukisimama, upepo unakatika ghafla huku mwili bado una moto, ndiyo maana jasho huendelea kumiminika kwa dakika kumi hadi kumi na tano baada ya kufika, mara nyingi ukiwa tayari kwenye kikao. Basi kilomita ya mwisho iende taratibu, kifungo cha shingoni kiwe wazi, mikono ya shati imekunjwa, na koti lisivaliwe kabla ya robo saa kupita. Begi nalo likae kwenye keria. Begi la mgongoni huziba upepo pale pale ambapo mwili hutoa jasho jingi, na hakuna kitambaa kitakachokuokoa.

Kwa watumishi wa umma koti halikwepeki: waraka wa Wizara ya Utumishi wa Umma wa mwaka 2017 uliwataka wanaume wavae suruali nadhifu, shati la mikono mirefu, koti na tai. Njia rahisi ni koti na tai kulala ofisini kwenye hanga, virudi nyumbani Ijumaa. Likibidi kusafiri, geuza bega moja ndani nje, ingiza bega la pili ndani ya lile lililogeuzwa, kisha kunja mara moja tu. Bitana ndiyo itakayobaki nje, na mikunjo haitakaa.

Dhana: Kitambaa chepesi cha baiskeli ni polista, na sufu ni ya nchi za baridi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Polista hukauka upesi kwa kuwa hainywi maji: katika hewa ya kawaida hushika unyevu chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Pamba hushika kama asilimia 8, na sufu inaweza kubeba karibu asilimia 30 kabla hujahisi kwamba imelowa. Mvuke wa jasho ambao polista imeukataa unabaki kati ya ngozi na shati. Isitoshe, nyuzi za polista hushikilia mafuta ya mwili, na bakteria wanaotoa harufu huyala hayo. Shati linanukia sabuni likitoka kwenye kamba, kisha saa nne asubuhi harufu ya jana inarudi.

Sufu inayofaa ni ile nyembamba ya suti za nchi za joto, gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Kwa suruali, chagua sufu iliyochanganywa na polista kidogo, maana sufu tupu ya wembamba huo huliwa na siti mapema. Mashati yawe ya poplini ya pamba, gramu 100 hadi 120. Kitani kina ubaridi mzuri ila hutoka safarini kimejikunja vibaya. Jinzi iache nyumbani: ina gramu 400 hivi, ikilowa inakaa mbichi nusu siku, na mshono wake mnene uko pale pale unapokalia.

Unapochambua mivumba (mitumba) kwenye soko la Owino, soma lebo ya ndani ikiwepo. Isipokuwepo, kunja kitambaa mara mbili, kiweke mdomoni na upulize; pumzi isiyopita itakuwa jasho lisilotoka. Kisha kibane ngumini kwa sekunde kumi. Sufu nzuri hujinyoosha yenyewe baada ya muda mfupi.

Dhana: Suruali zinachanika kwa sababu ni za bei rahisi

Hata ya bei ghali itachanika ikiwa imekatwa vibaya. Suruali ya ofisi ina mishono minne inayokutana katikati ya mapaja, na kila unapokanyaga pedali mvuto wote huishia kwenye nukta hiyo. Mwambie fundi afungue mishono hiyo sentimita tano kila upande, aingize kipande cha umbo la almasi chenye urefu wa sentimita nane hadi kumi, ashone mara mbili kwa uzi wa polista. Kitambaa hutoka kwenye ziada ya upindo, hivyo rangi inalingana. Kwa ndani aweke poplini nyembamba kutoka hapo kushuka mapajani sentimita 20, ili iugawane msuguano wa siti na kitambaa cha nje. Ni kazi ya muda mfupi, na kwa maoni yetu hakuna matumizi bora ya pesa katika orodha hii yote.

Kabla ya kununua, chuchumaa. Kisha kaa, inama mbele kama umeshika usukani: kiuno cha nyuma kikishuka na kuchomoa shati, hiyo suruali si yako. Upana wa mguu chini, ukilazwa bapa, uwe sentimita 17 hadi 19. Siti yenyewe iangaliwe pia, kwani kava iliyopasuka hukwangua kitambaa kila unapogeuza paja.

Dhana: Kuchomeka suruali kwenye soksi kunatosha

Kunazuia mguu kunaswa na cheni, basi. Mkunjo wa pasi unakufa, na mafuta bado yanaruka. Baiskeli yenye kava kamili ya cheni humaliza tatizo. Isiyo nayo inahitaji mkanda mpana mguu wa kulia, na ukiwa wa kuakisi mwanga utakufaa jioni, kwani hapa jua huzama karibu saa moja kasoro mwaka mzima.

Weusi unaochafua nguo hasa ni mafuta yaliyozidi na kushika vumbi la maramu, ule udongo mwekundu wa barabarani. Tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali nyuma kwa dakika moja, kisha futa cheni kwa kitambaa mpaka nje iwe kavu. Mafuta yanafanya kazi ndani ya kiungo. Yaliyo nje hukusanya mchanga tu. Doa likishaingia, paka sabuni ya maji ya vyombo kitambaa kikiwa kikavu, subiri dakika kumi, ndipo utie maji.

Tope jekundu ni kinyume chake: usiliguse likiwa bichi. Likauke, lipigwe brashi, kisha lifuliwe. Usitumie jiki, kwa sababu wekundu huo ni chuma na klorini hulikaza doa. Kwenye shati jeupe la pamba, ndimu na chumvi husaidia zaidi.

Dhana: Nyeusi huficha kila kitu

Haifichi vumbi. Suruali nyeusi ikipita barabara ya maramu huonekana tangu mlangoni. Kijivu cha kati, hudhurungi na kaki husitiri zaidi. Kwa mashati, buluu hafifu na kijivu hafifu huonyesha jasho kuliko rangi zote. Nyeupe, buluu iliyokolea au miraba midogo ni salama.

Dhana: Sketi na baiskeli haviendani

Sketi ya kubana haiwezekani, kweli. Sketi pana ya kitenge inayofika chini ya goti inawezekana kabisa, hasa kwenye baiskeli isiyo na bomba la juu. Upepo unadhibitiwa hivi: weka sarafu ya shilingi 500 nyuma ya pindo la mbele, ipitishe kati ya miguu ikutane na kitambaa cha pindo la nyuma, kisha funga vyote kwa mpira wa kubania nywele. Ukifika unafungua bila alama. Gurudumu la nyuma lifunikwe kwa wavu kila upande. Gomesi, lile gauni refu la kitamaduni la wanawake, isafiri kwenye begi, maana mshipi wake mrefu ukiingia kwenye spoku utakuangusha.

Dhana: Pedali huua viatu vizuri, kwa hiyo vaa ndala

Ndala huteleza na haikingi vidole. Kinachoua kiatu ni pedali ya chuma yenye meno. Weka pedali za mpira na kiatu cha ofisi kitadumu. Soli ya ngozi huteleza ikilowa, kwa hiyo chagua soli ya mpira au ya povu gumu. Uzito wa gramu 300 hivi kwa kiatu kimoja ni mzuri, lakini usinunue wepesi peke yake. Kikunje kwa mikono: kipinde sehemu ya vidole tu. Kikijikunja katikati, unyayo utauma ndani ya kilomita tano, kwa kuwa pedali ni nyembamba na nguvu zote hupita hapo. Kisigino kisizidi sentimita tatu, na ncha za kamba zichomekwe ndani.

Kikilowa, toa soli ya ndani, jaza gazeti, badilisha gazeti baada ya saa mbili, kianikwe kivulini. Jua kali au jiko hupasua ngozi na kulegeza gundi. Rangi ya viatu ipakwe kesho yake, ngozi ikishakauka kabisa.

Dhana: Koti la mvua ndilo kinga

Koti la plastiki lililofungwa hukulowesha kwa ndani. Ponchi iliyo wazi chini hupitisha hewa. Hata hivyo mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mara nyingi hupiga kwa nguvu kisha zikapungua, na kusubiri nusu saa hushinda vazi lolote. Maji yanayochafua zaidi ni yale ya barabarani baada ya mvua kukatika. Madigadi ya mbele iongezewe ulimi wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, ushuke hadi sentimita kumi na tano hivi kutoka ardhini, ufungwe kwa bolti mbili. Bila ulimi huo, gurudumu la mbele hurusha tope moja kwa moja kwenye viatu.