Mawimbi ya S na mwamba wa moto chini ya Afrika

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu Bonde la Ufa ni kama chini yake kuna bahari ya lava. Hakuna. Shahidi wangu ni wimbi la S, lile wimbi la tetemeko linalotikisa mwamba upande kwa upande linapopita. Vimiminika haviwezi kulipitisha. Ukiacha mifuko midogo ya mwamba ulioyeyuka karibu na volkano, wimbi hilo hushuka bila kizuizi hadi kina cha kilomita 2,900 hivi. Hapo hukutana na kiini cha nje cha dunia, chuma kilichoyeyuka, na haliingii. Kwa hiyo mwamba ulio juu ya mpaka huo ni mgumu, ingawa ni moto mno na hujongea sentimita chache kwa mwaka.

Kinachotufaa zaidi ni kuchelewa kwake. Chini ya kusini mwa Afrika, kuanzia kwenye mpaka wa kiini na kwenda juu zaidi ya kilomita 1,000, kuna eneo kubwa ambamo mawimbi ya S hupungua mwendo kwa takriban asilimia 3. Kwa kawaida, kwenye kina hicho husafiri karibu kilomita 7 kwa sekunde. Piga hesabu: kilomita 1,000 za eneo hilo huchelewesha wimbi kwa sekunde 4 hivi. Saa za vituo vyetu vya kupima matetemeko huongozwa na setilaiti, kwa hiyo sekunde 4 ni nyingi sana.

Tetemeko la jirani halisaidii hapa, maana mawimbi yake hupita juu juu. Tunangoja la mbali, kama la Amerika Kusini. Vipima tetemeko vilivyotegwa Tanzania mwaka 1994 na 1995 vilinasa mawimbi ya namna hiyo, na mwaka 1999 mtaalamu wa matetemeko Jeroen Ritsema na wenzake walichapisha picha ya eneo hilo likipanda kwa mshazari kuelekea Afrika Mashariki.

Je, ni joto tu linalopunguza mwendo wa mawimbi humo? Mwaka 2002 mtaalamu mwingine, Sidao Ni, na wenzake walionyesha kwamba kingo za eneo hilo ni kali, si za kufifia taratibu. Joto peke yake husambaa na kufifisha kingo, kwa hiyo naamini mwamba wenyewe pia una kemia tofauti. Wapo wenzangu wasiokubali, na vituo vichache vilivyopo Kongo havitoshi kutuamua.