“Atarudi kusimulia tena?” Yanayosemwa barazani kuhusu rufaa za unajisi na ubakaji

Mama mmoja wa Langoni, Lamu, alinijia baada ya mtu aliyemnajisi bintiye kufungwa kisha kukata rufaa. “Sasa mwanangu avushwe Mokowe, apandishwe basi, akasimulie yale yale mbele ya jaji?” Barazani walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba ndivyo.

Sivyo. Rufaa si kesi kuanza upya. Jaji wa Mahakama Kuu, awe Garsen au Malindi, huletewa rekodi ya hakimu: ushahidi kama ulivyoandikwa, fomu ya P3 (ile ya polisi inayojazwa na daktari), hukumu. Wanaozungumza ni mrufani au wakili wake, na upande wa mashtaka. Kuchukuliwa ushahidi mpya ni nadra. Kesi ya Okeno ya mwaka 1972 ndiyo inayotajwa kila mara: mahakama ya rufaa ya kwanza lazima ipime ushahidi wote yenyewe na ifikie uamuzi wake, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Hakimu alimwona mtoto akilia, akinyamaza, akijibu bila kuyumba. Jaji anaona wino tu.

Wino huo ndio unaobeba jambo ambalo wengi hawaliamini. “Walikuwa wawili tu chumbani, nani atashuhudia?” Yeye mwenyewe. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mshtakiwa wa kosa la kingono atiwe hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu. Tena katika kesi ya Mukungu, Mahakama ya Rufani ilisema kuwadai wanawake na wasichana ushahidi wa kuwaunga mkono ni ubaguzi unaokiuka Katiba.

Lakini shikeni hilo la sababu. Hakimu akiandika “nimemwamini mlalamishi” akaishia hapo, wakili wa mrufani ameachiwa mlango wazi. Akiandika kwamba msichana alimweleza shangaziye siku hiyo hiyo, kwamba hakubadilisha maneno alipododoswa, kwamba hapakuwa na ugomvi baina ya nyumba mbili hizo, jaji ana cha kushika. Na shahidi aliyeonekana si mkweli hategemewi, hata akilia vipi. Mzigo wa kuthibitisha haumtoki mwendesha mashtaka.

Huku kwetu huongezwa kwamba dini ya Kiislamu yataka mashahidi wanne. Hilo ni la anayemtuhumu mtu zinaa, silo la aliyebakwa. Isitoshe, Kadhi kwa mujibu wa Katiba ya Kenya husikiza hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ubakaji hauendi kwake.

“Daktari hakuona kitu, basi hakuna kesi.” Mahakama ya Rufani ililijibu mwaka 2006 katika kesi ya Kassim Ali: kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuimalizi kesi, kwani ubakaji waweza kuthibitishwa kwa maneno ya mwathiriwa au kwa mazingira. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 nayo inahesabu hata kuingiliwa kidogo. (Msimwogeshe mtoto kabla ya hospitali, hata hivyo.)

Kutofautiana kidogo kwa maneno? Majaji wamesema zaidi ya mara moja kwamba kumbukumbu ya binadamu huteleza, na kwamba mashahidi wanaolingana neno kwa neno ndio wanaotia shaka kuwa wamefunzwa. Kinachoangusha kesi ni tofauti inayogusa kiini: nani, wapi, kilitendeka nini.

Sitawaficha kwamba majaji nao hukosea, kwa maoni yangu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malindi ilimwachilia mtu aliyefungwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 13, kwa hoja kwamba mtoto alijiendesha kama mtu mzima. Sheria inampa mshtakiwa utetezi akidanganywa na mtoto kuhusu umri, na akiwa na sababu za maana za kuamini kwamba ni mtu mzima. Mwenendo wa mtoto kugeuzwa umri wake, hapo mimi sikubali.

Na wale wazee wa “tuyamalizeni nyumbani”: chini ya kifungu cha 40 cha sheria hiyo ya 2006, si familia inayoamua kesi isimamishwe. Wala mbuzi wa fidia hafuti kosa.

Mama akaniuliza kama kifungo chaweza kupunguzwa. Bintiye alikuwa na miaka 14; kwa umri huo kima cha chini ni miaka 20, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema vima hivyo ni halali. Hukumu ikithibitishwa, nilimwambia, jaji hana pa kushukia. Akanyamaza, kisha akauliza kama yeye mwenyewe ataruhusiwa kwenda kusikiliza. Ataruhusiwa. Akataka kujua mashua ya kwanza ya Mokowe hung’oa saa ngapi.